Mwanangu, kisa siyo bakteria, ni ile chupa ya maji

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilicheka tu. Unaniuliza, "Mama, bakteria wetu ni E. coli K-12, levo 1 ya usalama, ile ya hatari ndogo kabisa, hata ukimmeza hakufanyi kitu, sasa msimamizi anatufungiaje maabara wiki nzima kisa chupa ya maji ya kunywa imekutwa mezani?" Hasira nimeisikia.

Nikupe haki yako kwanza. Kuhusu bakteria uko sahihi karibu kabisa. Huyo K-12 alitolewa kwa mgonjwa mwaka 1922 na toka hapo kalelewa kwenye vyombo vya maabara miaka mia na zaidi, kadekezwa mpaka tumboni kwa mtu hawezi tena kujishikiza. Ndo maana mnapewa wanafunzi.

Ila hiyo "karibu" ndo inayonikaa rohoni. Kuna mtafiti mmoja wa Chicago, 2009, alikuwa anafanya kazi na kijidudu cha tauni kilichodhoofishwa, yaani kimeharibiwa uwezo wa kujitafutia madini ya chuma mwilini, kwa hiyo kikahesabika hakina neno. Akafa nacho. Walipomchunguza wakakuta alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaolimbikiza chuma mwilini na hakuwahi kujulikana kuwa nao, wakaona huenda kile chuma kijidudu ilichoshindwa kujitafutia, kilikipata kwenye mwili wake mwenyewe. Sikutishi, K-12 siyo tauni hata kidogo. Nachosema ni kwamba "hana madhara" unaliandika kwa kumfikiria mtu mzima wa afya, na wewe hujui mwenzako wa meza ya pili anaumwa nini, au anameza dawa gani.

Alafu huyo bakteria wenu siyo yule wa 1922 tena, si mmemuwekea plasmidi, kile kipande kidogo cha DNA cha duara? Na kwenye plasmidi kuna jeni ya kuhimili ampisilini, dawa ya kuua bakteria, ndo mnavyowachuja waliopokea na wasiopokea. Hiyo jeni inaweza kuhamia kwa bakteria wengine, sasa ukimwaga yale maji ya kuoteshea kwenye sinki kwa sababu umechoka na saa imeenda, umegawa kinga bure. Taka ziingie otoklevu, lile sufuria la mvuke wa presha, nyuzi 121, dakika 20 au zaidi kama mzigo ni mkubwa, na mfuko usiukaze mdomo maana mvuke lazima uingie ndani. Kama mnatumia klorini, sehemu moja kwa kumi, iache nusu saa, na uliyoitia klorini usije ukaiingiza kwenye otoklevu, inatoa gesi mbaya sana.

Ila sasa nikwambie ukweli wa miaka yangu yote maabara, sijawahi kuona mtu ameumizwa na K-12. Nimeona watu wameumizwa na maikroweva. Agarosi, ule unga wa kutengenezea jeli ya kuchunguzia DNA, ukiichemsha na maji kwenye chupa inaweza kutulia kimya kama maji ya mtungini, ukiigusa tu inafoka yote mkononi, na inaganda kwenye ngozi huku bado inaunguza. Nimeona kijana kaangalia jeli kwenye taa ya yuvii bila kinga ya uso, "sekunde tu", jioni yuko sawa anacheka, usiku macho kama yamemwagiwa mchanga.

Na mimi mwenyewe, hili sijakusimulia. Nilikuwa nasambaza bakteria kwenye sahani, unajua unachovya kile kijiti cha kioo kwenye ethanoli, unakipitisha kwenye moto, unasubiri kipoe. Sikusubiri. Nilikuwa naongea na mtu nyuma yangu, nikakirudisha kwenye bika, kile kikombe cha kioo chenye ethanoli, bado kinawaka. Moto wa ethanoli ni wa bluu hafifu, mchana huuoni, mimi niliona karatasi za pembeni zinakunjika zenyewe ndo nikashtuka. Nilitaka kuishika bika niikimbize kwenye sinki, ningeimwaga yote kifuani, ila mwenzangu akanisukuma akaifunika na mfuniko wa sahani ya kioo, ikazima. Kilichoungua ni mkono wa koti. Koti hilohilo mnalosema linawapa joto.

Chupa ya maji iko hapohapo, manake mtu anayeona maji mezani ni kitu cha kawaida hajui tena mkono wake umetoka wapi. Ameshika sahani, ameshika chupa, chupa ikaenda mdomoni. Leo ni K-12, mwakani uko mradi mwingine na kijidudu kingine, na mkono ni uleule. Zamani pipeti, ile mirija ya kupimia maji, tulifundishwa na waliokuwa wanazivuta kwa mdomo, na wao walisema mbona hakuna shida.

Wiki moja naona ni nyingi kidogo, ningekuwa mimi ningewapa siku tatu na kudeki. Ila usiende kubishana naye, nenda umuulize mnataka kuandikaje utaratibu wa taka kwenye ripoti yenu ya usalama, atakufungulia mlango mwenyewe.

Na ile picha ya sahani inayong'aa kijani uliyonitumia ni nzuri sana, nimewaonyesha wote hapa nyumbani. Nimeona pia kidole chenye glovu pembeni ya picha. Hiyo simu uifute na ethanoli ya asilimia 70 kabla hujanipigia Jumapili, na siyo ile kali ya 100, isiyo na maji haiui vizuri.

Mama yako