Nani kawaambia lazima uteseke ndo uwe transi (yaani jinsia unayojijua sio ile uliyopewa ulipozaliwa)?

Kuna wadogo zangu hapa Kampala wananiandikia inboksi, kaka ulijuaje we ni mwanaume, mbona mi mwili wangu siuchukii kiivyo, labda mi sio transi kweli. Jamani! Madaktari wenyewe miaka yote walikuwa wanaangalia tunapoumia tu, mpaka 2019 ndo WHO, Shirika la Afya Duniani, ikatutoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili, kwa hiyo sishangai na sisi tumezoea kujipima kwa machozi. Mi nakuuliza kingine: nini kinakufanya ucheke peke yako kama chizi?

Kwangu ilikuwa kinyozi wa Kisenyi. Redio inapiga kelele, jamaa hajauliza kitu, kanichonga low cut halafu kapitisha mashine mashavuni, kwenye ndevu ambazo hata sina, akamalizia na spiriti shingoni, inawasha ile we acha tu, kakung'uta kitambaa, "ssebo, elfu tano". Ssebo, yaani bwana kwa Kiganda! Nilitoka pale naelea.

Sasa we anza na vitu vidogo visivyoshtua mtu. Shati la mitumba pale soko la Owino hakuna anayekuuliza ni la nani. Jina nalo, mpe rafiki mmoja unayemuamini akuite kwa simu uone linavyokukaa, likikuboa badilisha, halijaandikwa kwenye kitambulisho. Dada yangu mmoja transi (wa hiari, sio wa damu) yeye raha yake ni gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, anafunga mlango, anajifunga ule mshipi mbele ya kioo, anapika matoke nayo mpaka jioni. Wa kubana kifua matiti yasionekane tafuteni vesti ya kazi hiyo au sports bra, bandeji hapana kabisa, inakukaba pumzi na mbavu zinaumia, na usiku unavua.

Halafu tusidanganyane, hii ni Uganda. Sheria ya 2023 ya kupinga ushoga ipo, Mahakama ya Katiba Aprili 2024 ilifuta vipande vichache kama kile cha kulazimisha watu waripoti wenzao, nyingine yote imebaki, na polisi hana muda wa kutofautisha transi na shoga. Picha zako za raha weka kwenye simu yenye paswedi, statasi ya WhatsApp sio mahali pake.

Kuna siku utavaa lile lile shati usisikie chochote, kawaida hiyo. Zile siku ulizosikia raha ziandike mahali, ulivaa nini, nani alikuitaje, maana siku ukikaa na mshauri ataanza na yanayokuuma, na we uwe na mengine ya kumwambia.