Barua kwa mwanangu: yule mjane wa chupa ya njano

Mwanangu Mhina,

Salamu kutoka Chumbageni. Sisi wazima, isipokuwa joto la Tanga unalijua.

Umeniuliza kuhusu ile shampeni ya lebo ya njano mnayouza hapo hotelini Arusha, Veuve Clicquot, yaani “mjane Clicquot” kwa Kifaransa. Mgeni wako amesema hadithi ya mjane aliyeikuza kampuni ni maneno ya watu wa matangazo tu, nawe unataka kujua kama ni kweli. Amepata nusu. Mimi nilianza kumsoma huyo mama kwa sababu ya shehena zake, si kwa mvinyo. Ukarani wa mizigo bandarini hauishi mwilini.

Mjane alikuwepo. Barbe-Nicole Ponsardin, mtoto wa tajiri wa viwanda vya nguo mjini Reims, Ufaransa, aliolewa na François Clicquot mwaka 1798. Biashara ya mvinyo aliianzisha baba mkwe wake, Philippe, mwaka 1772, pembeni ya nguo na benki. François akafariki 1805, akamwacha mkewe na miaka 27 na binti mdogo. Sheria ya wakati ule ilimtaka mke apate ruhusa ya mume ndipo afanye biashara. Mjane hakuwa na wa kumwomba, kwa hiyo msiba ule ule ndio uliomfungulia mlango. Ila mtaji ulitoka kwa mkwe, tena kwa sharti kwamba kwanza ashirikiane na mzoefu, Alexandre Fourneaux. Ushirika huo ulipokwisha mwaka 1810 ndipo kampuni ikachukua jina la mjane mwenyewe.

Kisa kinachopendwa ni cha meli. Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga bandari za Ulaya, na Urusi ilikataza mvinyo wa Ufaransa wa chupa. Mwaka 1814, yeye na wakala wake, Louis Bohne, walikodi meli ya Kiholanzi kimyakimya, wakapakia chupa 10,550 kwenda Königsberg, bandari ya Prussia jirani na Urusi, kabla marufuku haijaondolewa. Washindani waliposhtuka, mzigo ulikuwa umeshafika na unagombewa. Wengine huuita ujasiri. Mimi niliyewahi kuona mizigo ikioza gatini kwa kukosa karatasi moja, nauita kamari. Meli ile ingekamatwa, leo usingekuwa na swali la kuniuliza.

Meli ilileta wateja, lakini kuwatosheleza wateja ni kazi nyingine, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Unajua tembo la mnazi likitiwa kwenye chupa na kuzibwa sawasawa: linaendelea kuchachuka humo ndani, na kizibo kinaweza kukurukia usoni. Shampeni nayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na gesi inayonaswa humo ndiyo povu. Tabu ni kwamba chachu ikimaliza kazi inakufa na kubaki kama mashapo, mvinyo hauwi mwangavu. Zamani waliusafisha kwa kuumimina kutoka chupa moja kwenda nyingine, gesi ikitoroka na mvinyo ukipotea, au wakangoja sana. Kwa mwendo huo huwezi kuilisha Urusi.

Mwaka 1816 hivi, yeye na msimamizi wa maghala yake, Antoine de Müller, wakaja na meza iliyotobolewa matundu. Chupa zinasimamishwa humo shingo chini, zinazungushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpaka mashapo yote yanateremka kwenye kizibo. Kizibo kikifunguliwa, msukumo wa gesi unayarusha nje, chupa inajazwa upungufu na kuzibwa upya. Mvinyo unabaki mwangavu, povu liko pale pale, na kazi inakwenda haraka. Washindani hawakujua siri hiyo kwa miaka kadhaa, na baadaye kampuni zote za shampeni zikaifuata. Kwangu mimi, kampuni ilikulia kwenye ile meza.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1828 benki yao ya Paris ilipoanguka, aliyeweka mali yake rehani kuinusuru kampuni alikuwa Édouard Werlé, Mjerumani aliyeingia pale kama mfanyakazi tu. Akafanywa mshirika mwaka 1831, na baada ya miaka kumi akaachiwa uendeshaji. Binti wa kumzaa hakupewa! Huku kwetu ukoo ungekaa vikao mwaka mzima. Lakini mjane alipofariki mwaka 1866, kampuni ilikuwa inauza chupa kama 750,000 kwa mwaka.

Sasa nusu ya mgeni wako. Hiyo lebo ya njano ilisajiliwa mwaka 1877, mjane akiwa kaburini miaka kumi na moja. Shampeni yao ya juu kabisa, La Grande Dame, ilitolewa mwaka 1972, kampuni ilipotimiza miaka 200. Na tangu 1987 kampuni iko ndani ya LVMH, lile kundi lenye mikoba ya Louis Vuitton na shampeni ya Moët. Ukuaji wa leo ni wa fedha zao na maduka yao, na sura ya yule mama wanaitumia vizuri sana.

Akirudi huyo mgeni, mweleze habari ya meza kabla hajafungua mdomo kuhusu meli. Na umuulize meneja wako kama likizo ya Desemba ipo, nimpe jibu shangazi yako.

Mama yako