Mwanga ukipungua, je, kimeng'enya kimezuiwa?

SWALI: Hamjambo. Nafanya utafiti wa uzamili hapa Kisumu, kutafuta viziduo vya majani vinavyozuia proteasomu, kimeng'enya ambacho seli za saratani hukitegemea kusaga protini zilizoharibika. Natumia sabstrati (kipande ambacho kimeng'enya hukikata) iliyofungwa AMC, molekuli ya kung'aa: ikikatwa, AMC huachiliwa na kung'aa. Karibu nusu ya viziduo vimepunguza mwanga, na viwili vimeupandisha kupita kidhibiti (kishimo kisicho na kiziduo). Niamini vipi? – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Usiamini hata kimoja kwanza. Nusu nzima ni vingi mno, na hivyo viwili vilivyoupandisha mwanga ndivyo vinavyokufichulia tatizo.

AMC humulikwa kwa takriban nanomita 360 hadi 380, na mng'ao wake husomwa kwenye 440 hadi 460. Flavonoidi nyingi, kemikali za asili za majani, hufyonza mwanga huohuo wa kumulika, basi kipimo hushuka ilhali kimeng'enya kinachapa kazi kama kawaida. Nazo kumarini za mimea, ndugu za AMC, hung'aa palepale unaposoma.

Andaa sahani nyeusi ya vishimo 96 bila kimeng'enya. Weka bafa (mmumunyo unaotuliza pH), kiziduo kwa ukolezi uleule, na AMC huru, tuseme maikromola 2. Mwanga ukishuka hapo, kiziduo ndicho kinachoumeza. Safu nyingine iwe kiziduo na bafa tu, uone kama kiziduo chenyewe kinang'aa.

Pia usisome mara moja mwishoni. Soma kila dakika kwa dakika 30, upime mwinuko wa mwanzo. Kiziduo king'aacho huinua mstari wote bila kugusa mwinuko; kinachofyonza huulaza, nawe utasahihisha kwa uwiano ulioupata kwenye AMC huru.

Tanini, kemikali nyingine za mimea, ni kero pia, maana hushikamana na karibu protini yoyote. Rudia jaribio ukiwa na Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 0.01, hata kwenye vidhibiti. Uzuiaji ukitoweka, achana na kiziduo hicho.

DMSO, kiyeyushi cha viziduo, iwe asilimia 1 au chini, sawa kila kishimo. Joto la Kisumu hukausha vishimo vya pembeni: vijaze bafa tu, na ufunike sahani wakati wa kuatamiza. Kidhibiti cha uzuiaji kiwe bortezomib, dawa ya mieloma (saratani ya uboho) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Z', kipimo cha ubora wa jaribio, ikiwa chini ya 0.5, rudia sahani nzima.

Vitakavyosalia, vipime kwa kolezi 8, kisha kwa sabstrati yenye rodamini 110, molekuli nyingine ya kung'aa, ambayo humulikwa karibu na nanomita 490 na kusomwa 520, mbali na flavonoidi nyingi.