Re: Fundi wa saketi ana haja gani na tahajia?

Wakuu, mchangiaji mmoja hapo juu kasema tusimsumbue kwa nukta na herufi kubwa, hapa tunatengeneza vitu, hatufanyi mtihani wa Kiswahili. Nusu ya maneno yake naiunga mkono. Ukiandika "betri yangu amekufa" nitatabasamu, kisha nitakuuliza inasoma volti ngapi. Ukiandika "aichaji" badala ya "haichaji", nimekuelewa. Mtu asikatishwe tamaa kwa sababu ya ngeli.

Ninachogombania ni kosa ambalo msomaji hawezi kujua kwamba ni kosa. Nimejibu maswali ya sola na redio kwa muda sasa, na mengi ya yale yaliyoishia kwenye moshi yalianzia hapo. Chukua 7805 na 7905, vile vipande vya miguu mitatu vya kudhibiti volti. Tarakimu moja tu. Ya kwanza inatoa volti 5 chanya, ya pili volti 5 hasi, na miguu haikupangwa sawa: kwenye 7805 ukiitazama usoni, mguu wa kushoto ndio wa kuingizia umeme, kwenye 7905 mguu huo ni ardhi. Anayeanza atanunua alichoandikiwa, atalehemu, atawasha. Hana cha kumshtua.

Herufi za vipimo ndiyo balaa zaidi. m ndogo ni mili, M kubwa ni mega, na kati yake kuna mara bilioni moja. Hata nukta ya desimali ina historia yake: ilikuwa ikifutika kwenye michoro iliyorudufiwa, risista ya 4.7k (yaani om 4,700) ikasomeka 47k, ndiyo maana wazee wa kazi wanaandika 4k7, na risista ya om 4.7 wanaiandika 4R7. Mfumo huo unawafaa pia wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, ambao nukta yetu kwao ni mkato.

Halafu alama za uakifishaji. Nimewahi kusoma maelekezo haya ya kontrola ya chaji, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli ya sola na betri: "unganisha betri kwanza paneli baadaye ukichomoa anza na paneli". Mwandishi alikuwa sahihi kabisa. Msomaji akaishika "paneli baadaye ukichomoa", akatoa betri jua likiwa utosini. Paneli ya "volti 12" isiyo na mzigo hufika volti 21 hivi, na kontrola ya bei rahisi ikikosa betri ya kuituliza, volti hizo zinaweza kupita hadi kwenye taa na redio. Mkato mmoja na nukta moja vingetosha: "Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Ukichomoa, anza na paneli."

Wa Arduino, zile bodi ndogo unazoziandikia programu, hawana hata nafasi ya kubishana. Amri ya digitalWrite ukiiandika digitalwrite, bila W kubwa, inakataa. Amri ya println ina l ndogo, wengi wanaweka I kubwa kwa kuwa machoni zinafanana. Na msitume maandishi ya programu kama ujumbe wa kawaida. Simu nyingine zinageuza alama za nukuu kuwa zilizopinda, programu inagoma na mtu anakesha akitafuta kosa asiloliona. (Kichekesho: kwenye HTTP, lugha ambayo kivinjari na tovuti huzungumza, kuna neno Referer lililokosa r moja, likaingia hivyo kwenye hati ya mwaka 1996, na mpaka leo lazima uliandike na kosa lake.)

Sasa wewe uliyeanzisha uzi, umeandika kapasita iliyovimba ni "100mf 25v". Ukisomwa kwa herufi, hiyo ni mikrofaradi 100,000. Nadhani ulikusudia 100, kwa sababu lebo za zamani ziliandika mF zikimaanisha mikro, lakini kwa kukisia sikushauri ununue kitu. Kama simu haina alama ya mikro, andika uF, kila fundi anaijua. Piga picha ubavu wa kapasita, namba zote zionekane pamoja na mstari wa upande hasi, kisha uniambie ilikuwa imekaa sehemu gani ya bodi.