Baiskeli ya kila siku Mombasa: chumvi ndiyo ya kuogopa, si vilima

Umeuliza kama baiskeli itakufikisha kazini mjini kutoka Bamburi, na wikendi kwa wazee Likoni, na kama uchukue ya gia nyingi au ya kawaida. Itakufikisha. Bamburi hadi mjini ni kama kilomita 10 hadi 12. Ukienda polepole, dakika 40 au 50. Wakati wa kusi ongeza dakika 10 asubuhi, maana upepo unakukabili. Jioni unakusukuma.

Kinachomaliza baiskeli hapa ni chumvi ya hewani, na hiyo ndiyo ikuamulie ununue nini. Achana na zenye shokomzoba za bei rahisi: huingia kutu ndani, zikakwama, ukabaki na uzito wa bure. Gia moja yatosha, au zisizozidi 7 nyuma. Ya gia moja ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, mwambie fundi aifunge friwili (gia ya nyuma) ya meno 20. Utapoteza mwendo kidogo, lakini ukiwa na mzigo utapanda Daraja la Nyali bila kushuka.

Nenda dukani na sumaku. Ikishika rimu, hiyo ni ya chuma, iache. Chuma kikilowa mvua ya masika, raba za breki huteleza na baiskeli husimama mbali na ulipotaka. Ndiyo kasoro ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya breki za fimbo, ingawa kwa kubeba mizigo haina mpinzani. Rimu za alumini, tairi za inchi 26 kwa 1.95, upepo psi 45 hadi 50. Kwenye vichochoro vya mchanga shusha hadi 35.

Kwa kuzuru watu, fremu ya kike ni bora hata kwa mwanamume: unapanda na kanzu yako bila kuinua mguu juu ya karia yenye mzigo. Lakini iwe na kifuniko cha cheni na madigadi mbili, la sivyo kanzu au buibui litaliwa na cheni. Mzigo ufunge kwa mpira wa tyubu kuukuu, ukiwa chini na karibu na kiti.

Cheni kila wiki: ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili kwenye kila pini, zungusha pedali, kisha futa yote ya nje. Oili chafu ya gari usitie kabisa. Inakamata mchanga, na mchanga husaga. Pima viungo 24: cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ukingoja ifike moja ya nane, itakuwa imeshakula meno ya friwili, na utanunua vyote viwili.

Paipu ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma hugandana kwa chumvi hadi isitoke tena. Itoe kila miezi mitatu, paka grisi, irudishe.

Kwenye feri ya Likoni, baiskeli isukume. Maji yakipwa mteremko huwa mkali na wenye utelezi, kwa hivyo shika breki zote mbili na kaa upande wa kushoto wa baiskeli. Ikirushiwa maji ya bahari, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, na uitie cheni oili kabla ya kulala.