Kadi kwanza au safari kwanza? Kwa mliofika Marekani majuzi

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa wa kumi simu yangu haipoi. Mtu kakaa huku mwaka mmoja au miwili, anabeba boksi zake vizuri, baridi ameshaizoea kidogo, sasa anataka Desemba aende akawaone wazee, anafungua kuangalia tiketi ya Dar anakuta bei imesimama ukutani, halafu kazini kuna mwenzake kamwambia mbona mi naenda bure tu kwa pointi za kadi. Basi ananipigia, kaka hebu nielekeze, nichukue kadi gani? Na mi namuuliza, unaenda wapi, lini, mko wangapi? Hapo kimya.

Sasa naandika ili nisirudie kwenye simu kila siku. Kama unataka kuanza hii kitu ya bonasi za kadi za krediti, zile unazotumia hela ya benki halafu unalipa baadaye, anza na safari. Kadi ije baadaye. Wengi tumefanya kinyume, tukachukua kadi inayong'aa kwenye tangazo, miezi mitano mbele mtu ana pointi 70,000 za shirika ambalo hata haliruki upande wetu, anaishia kuzibadilisha kuwa hela kwa bei ya kutupa.

Kwanza tuelewane bonasi ni nini. Benki inakuambia chukua kadi yetu, tumia mfano dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, tunakupa pointi 60,000. Hesabu yake iko hivi, kwa matumizi ya kawaida dola moja inakupa pointi moja, sehemu zingine mbili au tatu, kwa hiyo hizo 60,000 ungezitafuta kwa kununua mchele na mafuta ya gari ungetoa jasho miaka. Bonasi inakupa kwa mkupuo. Na hawakupendi, usijidanganye, ni chambo. Wanapata asilimia yao kwa mwenye duka kila ukichanja kadi, na wanajua katika watu kumi wanaochukua kadi wapo watakaobakiza deni. Riba ya kadi huku mara nyingi inapita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibakiza dola 4,000 kwenye kadi ya asilimia 24 ni kama dola 80 kila mwezi inaondoka, miezi minane tu umeshakula thamani yote ya zile pointi 60,000 maana zikibadilishwa kuwa hela kwa kawaida ni dola 600 hivi. Kwa hiyo kama sasa hivi una deni lolote kwenye kadi, acha kusoma hapa kwanza kalilipe, sikutanii.

Ambaye kafika juzi kabisa hana historia yoyote, mfumo haumjui. Alama za krediti, yaani namba inayowaonyesha benki unavyolipa madeni, zinaanzia 300 mpaka 850, na wewe huna hata hiyo 300, huna kitu. Unaanza na kadi ya dhamana, unaweka dola 200 au 300 zako benki wanazishikilia wanakupa kadi yenye kikomo hicho hicho. Weka bili moja tu humo, simu kwa mfano, ilipe yote kila mwezi, na ipange akaunti ijikate yenyewe usitegemee kichwa. Kwa kawaida inachukua miezi kama sita alama ya FICO, ile wanayoiangalia benki nyingi, ndo itokee. Mi nasema subiri hata mwaka kabla hujaomba kadi yenye bonasi ya maana, watu hawapendi kusikia hivyo lakini hata ukikataliwa ombi lenyewe linabaki kwenye ripoti yako ya krediti miaka miwili.

Kuna kitu kingine kilinichanganya sana mwanzoni. Kuna siku ya stetimenti kutoka, ile karatasi ya matumizi yako ya mwezi, na kuna siku ya mwisho ya kulipa, ni vitu viwili. Sheria inataka wakupe angalau siku 21 katikati. Kinachopelekwa kwa zile kampuni tatu za kutunza rekodi, Equifax, Experian na TransUnion, kwa kawaida ni deni lililosomeka siku ya stetimenti. Kwa hiyo mtu ana kikomo cha dola 500 anatumia 450 analipa yote kwa wakati, hana riba hata senti, lakini alama zake zinashuka anashangaa. Mfumo unamwona kama mtu aliyebanwa. Lipa kabla stetimenti haijatoka, ibaki kidogo, chini ya asilimia kumi ikiwezekana. Ripoti zako unaziona bure AnnualCreditReport.com, usilipie mtu.

Ukishakuwa na alama nzuri, sema 700 na kitu, sasa ndo tunarudi kwenye lile swali la unaenda wapi.

Kwa sisi wa Dar, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, mashirika tunayoyapanda yanajulikana. Ethiopian kupitia Addis, yuko kwenye kundi la Star Alliance pamoja na United, Turkish na Air Canada. KLM inatoka Amsterdam inakuja Kilimanjaro na Dar, na Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja New York mpaka Nairobi tangu Oktoba 2018, hao wako SkyTeam pamoja na Delta na Air France. Qatar yuko Oneworld, anapita Doha. Faida ya kujua makundi haya ni kwamba pointi za shirika moja zinaweza kununua kiti cha mwenzake. Yaani unaweza kukaa kwenye Ethiopian kwa maili za United, ndo wanavyoziita pointi zao, au kwa pointi za Aeroplan ambayo ni ya Air Canada, na hujawahi hata kukanyaga Kanada.

Kwa hiyo kwa anayeanza mi sipendekezi kadi ya shirika moja. Chukua kadi ya benki ambayo pointi zake zinahamishika kwenda mashirika mengi. Chase, American Express, Capital One na Citi wote wana hizo, na wote wanne wanahamisha kwenda Flying Blue, programu ya KLM na Air France. Hiyo peke yake kwa mtu wa Moshi au Arusha ni habari kubwa, anapanda Amsterdam anashukia KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Chase wana nyongeza ya kuhamisha United, hapo umeshaishika Ethiopian.

Mpangilio wa benki nao una maana. Chase wana kanuni ambayo hawajaiandika popote kwenye tangazo lakini kila mtu anaijua kama tano kwa ishirini na nne, ukiwa umefungua kadi tano au zaidi za benki yoyote ile ndani ya miezi 24 wanakukatalia. Ndo maana watu wanaanza na Chase, ukianza kwa wengine ukazurura ukirudi mlango umefungwa. Na angalia, hata kadi ya dhamana inahesabiwa, hata ile shemeji aliyokuongeza jina kwenye akaunti yake ili akusaidie nayo kwa kawaida inahesabiwa. Amex, yaani American Express, wao bonasi ya kadi moja kwa kawaida ni mara moja maishani, kwa hiyo usiichukue siku ofa iko chini, subiri ipande maana nafasi ni hiyo hiyo. Capital One ukiomba wanachungulia kampuni zote tatu za rekodi kwa mpigo, kwa hiyo ombi moja linabaki kwenye ripoti zote tatu. Kwenye fomu pia benki zinauliza kipato, andika ukweli, ila kama umetimiza miaka 21 unaruhusiwa kuhesabu na kipato cha mwenza wako ambacho unakifikia kweli, wengi hawajui hilo wanaandika mshahara wa part-time wanakataliwa.

Haya, sasa dola 4,000 kwa miezi mitatu mbeba boksi anazitoa wapi? Hapa ndo pa kukaa.

Usitafute matumizi mapya. Ukijiona umesimama dukani unanunua televisheni eti nifikishe kiwango, umeshapoteza. Angalia kalenda yako, hela kubwa inatoka lini? Mi bima ya gari nalipa miezi sita kwa mpigo, na naomba kadi wiki mbili kabla ya hapo. Mwingine ni ada ya chuo, matairi ya winta, daktari wa meno wa watoto. Kodi ya nyumba sehemu nyingi wanakata asilimia tatu hivi ukilipa kwa kadi, kwa mwezi mmoja wa kumalizia kiwango inaweza kulipa, kwa kila mwezi hailipi. Halafu kuna kitu chetu sisi ambacho Mmarekani hana, michango. Ukiwa kwenye kamati ya harusi au msiba watu wanakutumia hela wewe mweka hazina, ukumbi na chakula unalipia wewe kwa kadi yako. Nimefikisha kiwango mara mbili hivyo. Lakini sharti langu ni moja tu, hela iingie kwanza akaunti ndo kadi ichanje, maana ahadi za kamati mnazijua wenyewe, mtu anaahidi dola 200 kwenye grupu na emoji ya moto halafu hapokei simu. Na iambie kamati kabla, pointi ni zako lakini usifanye siri, Waswahili tukija kujua baadaye kuna maneno.

Na muda wa miezi mitatu unahesabiwa tangu siku waliyokukubali, sio siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua. Ada ya mwaka haihesabiwi kwenye kiwango. Ukirudisha kitu dukani kinatolewa. Kwa hiyo usiishie 4,000 kamili, vuka na dola mia mbili.

Kosa langu kubwa sasa. Nilikuwa nimebakiza kama dola 1,500 kufikisha na siku zinaisha, nyumbani nilikuwa naezeka. Nikasema hii si hela naituma tu, natuma kwa apu ya kutumia hela badala ya kuikata benki naikata kwenye kadi mpya, mabati yananunuliwa na pointi zinaingia, nikajiona mjanja kweli. Kumbe kutuma hela kwa kadi ya krediti benki yangu inakuhesabu kama umechota pesa taslimu. Ikakatwa ada ya asilimia tano hapo hapo, dola 75, riba inaanza siku ile ile haina zile siku za neema za kulipa bila riba, na kwenye kiwango cha bonasi haikuhesabiwa hata dola moja. Apu nayo ilikuwa na ada yake juu. Na iliandikwa kwenye masharti, mi ndo sikusoma. Kiwango sikufikisha, bonasi nikaikosa. Mabati lakini yako pale mpaka leo nikienda nayaangalia. Hela ya nyumbani tuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya debiti, kadi ya krediti usiiguse kwa hilo.

Kosa la pili lilikuwa kwenye kutumia. Pointi ukishazihamisha kutoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi. Mi nilipata zangu nikafurahi nikazihamisha zote usiku ule ule, kesho yake natafuta kiti cha Desemba hakuna, kuanzia tarehe 12 mpaka Januari vyote vimeliwa au bei ni mara tatu. Zikakaa kule mwaka mzima na katikati shirika likapandisha bei za viti. Siku hizi naziacha benki, naingia kwenye akaunti ya shirika kama mtu asiye na pointi hata moja, natafuta, nikikiona kiti na tarehe zangu, nikaona na kodi na ada za kulipa taslimu ni ngapi maana kuna mashirika yanakupa kiti cha bure halafu yanakupiga dola mia nne za ada, ndo nahamisha, mara nyingi ni dakika chache zinafika, na nakata hapo hapo. Na Desemba na Juni shule zikifunga ni vita, anza kutafuta miezi kumi au kumi na moja kabla, au kama unaweza nenda Februari au Oktoba. Najua mama anataka Krismasi. Mwambie Oktoba kuna embe.

Mwenye familia ya watu watano asitegemee kadi moja iwabebe wote. Mke na mume kila mtu achukue yake kwa zamu, wa kwanza akishapata anamwalika mwenzake kwa kiungo chake na anapewa pointi za kualika juu, sisi tulifanya hivyo miezi minne minne tukakata tiketi mbili za pointi na tatu tukalipa, na ilikuwa nafuu kubwa tu.

Ada ya mwaka kwa kadi nyingi za kuanzia ni dola 95. Usifunge kadi kabla ya mwaka kuisha, benki zinakuweka kwenye orodha mbaya na nyingine zinaweza kuchukua pointi zao. Kadi ikifikisha miezi 12 au ada ikishaonekana kwenye stetimenti, piga namba iliyo nyuma ya kadi, waambie nafikiria kufunga, mna chochote cha kunipa? Wakati mwingine wanakupa pointi kidogo, wakati mwingine hawana kitu. Kama hawana waombe wakushushe kwenye kadi isiyo na ada, akaunti inabaki ile ile na umri wake unaendelea kukusaidia. Mi ninayo moja ya hivyo iko kwenye droo, inalipa Netflix tu.