Mbona sanamu za Henry Moore zina matobo?

SWALI: Mambo vipi wahariri, mi nasoma sanaa chuo, mwalimu katuonyesha picha ya sanamu ya Henry Moore wa Uingereza, mwanamke kajilaza af kifuani kuna tobo unaona mpaka upande wa pili, darasa zima tukacheka. Lile tobo la nini, na ni kweli huyu mzee alikopi vinyago vya Afrika? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Poa sana mdogo wetu. Nadhani ni ile ya 1938, ya jiwe la kijani liitwalo Hornton, iko Tate, jumba la sanaa kule London.

Sa tobo. Enzi zile wachongaji wengi Ulaya walikuwa wanafinyanga udongo kwanza, af mafundi ndo wanahamishia kwenye marumaru, Moore akakataa, akashika patasi mwenyewe na akataka jiwe libaki jiwe, lisijifanye nyama. Ukichonga hivyo unaona jiwe lina mbele na nyuma, na tobo ndo linaziunganisha, jicho linapita katikati badala ya kuzunguka nje tu. Mwaka 1937 aliandika kwamba tobo lenyewe ni umbo, lina maana kama jiwe lilivyo na maana, na jiwe halidhoofiki ukijua saizi na upande wa kutoboa. Ila sifa zote tusimpe yeye, mchongaji mwenzake Barbara Hepworth, aliyesoma naye chuo cha sanaa mjini Leeds, Uingereza, alishatoboa kabla yake.

Kukopi? Alikuwa anashinda British Museum, makumbusho kubwa ya London, anaangalia kazi za Afrika na Mexico na wala hakuficha, lakini kilichomkamata hasa ni Chacmool, sanamu ya kale ya Mexico, mtu kalala chali, magoti juu, kichwa kakigeuzia pembeni, aliona nakala ya plasta Paris. Icheki sanamu yake ya mwanamke ya 1929 iliyoko Leeds, shingo ile ile imegeuka, ila huyu kaegemea mkono na mwili umekuwa kama vilima.

Halafu mifupa jamani! Aliokota mifupa na kokoto maisha yake yote, uzeeni familia ya rafiki yake mwanasayansi Julian Huxley ikampa fuvu la tembo wa Afrika, akalichora weee, zikatoka picha za kuchapa kwa bamba la shaba, 1969 mpaka 1970, matundu ya fuvu yanaonekana mapango kabisa.

Mi binafsi yale masanamu makubwa ya shaba ya baadaye hayanigusi sana, mengi yalianzia kwenye kimfano cha plasta cha kukaa kiganjani wasaidizi wakakuza. Tafuta za mawe za miaka ya 30.